Zamu ya Nne ya Kugeuza Mayai

3 Februari

Mwanangu Kimbelembele,

Salamu zikufikie huko uliko, wewe na vile viatu vyako vya ofisini vinavyokubana. Mimi mzima. Fundi cherehani wa nyumba ya pili anakusalimu, anauliza vipimo vyako kama vimebadilika. Nimemwambia avitumie vya zamani, mtu anayeishi kwa mkate na chai habadiliki. Paa la banda la mashine limezibwa, sasa mvua inanyesha nje tu kama inavyotakiwa. Vifaranga wa wiki iliyopita walitoka vizuri na nimewauza wote, hata yule mwenye kidole kilichopinda.

Haya, lililonikalisha kuandika ni hili. Daktari wa mifupa amenipangia tarehe kumi Juni kunitoa goti la kulia na kuniwekea la chuma. Nikiikosa nafasi hiyo narudi mwisho wa foleni, mwaka mzima au zaidi, na anasema goti lenyewe halina mwaka. Nikishapasuliwa, wiki sita sitakiwi kusimama bandani. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu: siendi.

Sababu unaijua. Watu wote wenye mashine za kutotolesha hapa mjini hugeuza mayai mara tatu kwa siku. Sisi mara nne. Ile zamu ya nne, ya saa kumi alasiri, baba yako mdogo hakuikosa miaka ishirini na sita, na tangu alipotutoka, huu mwaka wa pili, sijaikosa mimi. Jirani mfugaji amekubali kunishikia banda, lakini mara tatu tu, kwa sababu saa kumi anawafuata wanawe shuleni. Siwezi kuiacha kazi ya mume wangu iharibike kwa ajili ya goti.

Sasa wewe, huko kwenye kituo chenu cha utafiti wa dawa, si kazi yako ni kusema hiki kinafaa na hiki hakifai? Nipimie. Ukinionyesha zamu ya nne haina kazi, nitakwenda. Ila usinipigie simu kwa jambo hili. Sikio la kushoto linanidanganya, na nataka kitu nitakachoweza kukisoma mara mbili.

Mama yako mdogo

*

14 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma nimesimama mlangoni, sijavua hata hivyo viatu unavyovisema. Mimi sijambo. Nimehamia chumba cha ghorofa ya juu, kina dirisha linalofunguka na jirani anayejifunza tarumbeta. Anajua wimbo mmoja, nusu.

Kabla ya hesabu niseme la moyoni. Nataka uende. Nilikuona mwezi wa kumi na mbili ukishuka zile ngazi tatu za banda huku umeshika ukuta, ukijifanya unakagua rangi. Lakini nimekuelewa, na nitapima kwa haki.

Chukua mayai mia mbili arobaini, trei nane za thelathini thelathini. Kila trei irushie sarafu. Ikitua kichwa, trei hiyo itapata zamu nne kwa siku. Ikitua namba, zamu tatu. Upande mmoja ukifikisha trei nne, zilizobaki ziende upande wa pili. Tafadhali usichague mwenyewe. Najua mkono wako utampelekea Baba mdogo mayai mazuri hata kama hukukusudia, na mwisho tutakuwa tumepima mapenzi yako badala ya zamu.

Mengine yote yawe sawa, na geuza mpaka siku ya kumi na nane kama kawaida. Nimekuwekea karatasi ya visanduku, kila zamu ukiimaliza weka alama ya vema. Siku ya ishirini na moja hesabu kitu kimoja tu: wangapi wametoka. Tumeliandika swali kabla, na tusilibadilishe. Tukianza baadaye kuangalia nani ana manyoya mazuri, nani analia kwa sauti na nani ana miguu minene, katika mambo ishirini hatutakosa moja la kutufurahisha, na litakuwa la bahati tu.

Kimbelembele wako

*

20 Machi

Mwanangu,

Wametoka. Sikusalimii kwanza, utanisamehe.

Trei za zamu nne: tisini na tisa katika mia na ishirini. Trei za zamu tatu: themanini na nane katika mia na ishirini. Nimehesabu mimi, akahesabu jirani mfugaji, akahesabu fundi cherehani ambaye hakuna aliyemwita. Tofauti ni kumi na moja. Fundi akasema hiyo ni timu kamili ya mpira. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikalia kidogo, nisikufiche. Nilimwona baba yako mdogo na koti lake la kazi, lile lenye mfuko uliochanika, akiniambia, "Si nilisema."

Sasa salamu. Hujambo? Huyo wa tarumbeta amefika nusu ya pili? Paka wa jirani amezaa ndani ya kabati langu la vitambaa. Goti lipo, halina neno.

Karatasi ya vema naiweka humu, visanduku vyote vimejaa. Piga hesabu zako, halafu umwandikie daktari kwa lugha yenu kwamba shangwe ni yetu.

Mama yako mdogo

*

2 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Hongera kwa vifaranga, na pole kwa kabati. Mimi mzima, kazi nyingi. Tumepata mkuu mpya wa idara, anaongea polepole mpaka mtu unatamani kummalizia sentensi.

Nimepiga hesabu. Nitakueleza kila hatua, maana najua hutakubali kupewa jibu mkononi.

Mfikirie mtu mbishi. Anasema zamu ya nne haifanyi kitu chochote. Kwake yeye, mayai mia na themanini na saba yaliyototolewa yangetoka tu, trei yoyote ile, na yale hamsini na matatu yaliyokufa yangekufa tu. Sarafu yako ndiyo iliyoyagawa, na kwa bahati upande mmoja ukapata mengi. Hatumpigi kelele huyu mbishi. Tunamuuliza: haya, tukubali ni bahati tupu, bahati hiyo ingeleta pengo la vifaranga kumi na mmoja au zaidi, upande wowote, mara ngapi katika mia?

Ungeweza kumjibu kwa vikaratasi. Mia na themanini na saba umeandika "alitoka", hamsini na vitatu "hakutoka", unachanganya kwenye beseni, unachota mia na ishirini bila kuangalia, unaona pengo. Unarudisha, unachanganya tena. Mimi kompyuta imenifanyia hivyo mara elfu kumi. Jibu: kama mara kumi na mbili katika kila mia. Namba hiyo ndiyo tunayoiita thamani ya p. Ikiwa ndogo sana, mbishi anabaki na aibu, maana analazimika kusema jambo la nadra limetokea siku hiyo hiyo tuliyokuwa tunaangalia. Wenye fani yetu wamezoea kuchora mstari kwenye tano katika mia. Chini ya tano, mbishi tunamnyamazisha.

Yetu ni kumi na mbili. Haikufika chini ya mstari. Kwa hiyo jibu ni hili, Mama mdogo: zamu ya nne haina kazi. Hesabu imesema. Iache, pumzisha goti, na tarehe kumi Juni nenda hospitali.

Nakupenda sana.

Kimbelembele wako

*

27 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijapata neno kutoka kwako wiki tatu na zaidi. Jirani mfugaji nilimpigia, akasema upo, unatembea, unasalimia watu. Kwa hiyo ni mimi tu usiyenisalimia.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Kimbelembele

*

6 Mei

Mwanangu,

Usinione kimya ukadhani nimekususa.

Tangu barua yako ifike nimeiacha zamu ya nne, na hospitali nimewajibu kwamba nitafika. Ulichotaka umepata. Saa kumi ikifika naketi kitandani naangalia mikono yangu. Miaka ishirini na sita mtu anaacha chai yake inapoa, anavaa koti, anaingia kwenye lile joto la banda, kumbe anageuza upepo. Sikulaumu wewe. Ila iliniuma kuliko goti.

Nilipochoka kuumia nikaenda kwa fundi cherehani. Vikaratasi niliona uvivu kuviandika, nikamwomba vifungo: vyeupe mia na themanini na saba, vyeusi hamsini na vitatu. Tukavitia kwenye beseni, tukachanganya, nikachota mia na ishirini nikiwa nimefumba macho. Tulifanya hivyo mara ishirini. Baada ya hapo fundi akasema afadhali ashone suruali za shule nzima. Katika hizo ishirini, mara tatu pengo lilifika kumi na moja au kupita. Nilivikasirikia vile vifungo, mwanangu, lakini nikaelewa. Bahati ina mkono mrefu, hukunidanganya.

Halafu, nikiwa naviokota vilivyoanguka chini ya cherehani, nikajiuliza. Vifungo vimeniambia bahati inaweza kuleta pengo hili. Sawa. Lakini kuweza ndiyo kufanya? Sukari yangu ikipungua na fundi alikuwa jikoni, anaweza kuwa ndiye. Nikikosa ushahidi wa kumshika, je, ndiyo nimethibitisha kwamba hakuigusa? Mimi namjua, ameigusa.

Wewe umeandika "haina kazi". Nimeisoma mara saba. Naona vifungo havijasema hivyo. Au kuna hesabu nyingine ambayo hukunieleza?

Mama yako mdogo

*

15 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Leo sina habari za jirani wala za mkuu wa idara.

Hakuna hesabu nyingine. Umeliona mwenyewe, kwa vifungo, na mimi mwenye cheti ukutani nilikuficha. Kutofika chini ya mstari maana yake ni kwamba hatukuweza kumnyamazisha mbishi. Haina maana kwamba mbishi ameshinda kesi. Na ile kumi na mbili katika mia haisemi kuna uwezekano gani kwamba zamu ya nne ni bure. Inasema tu kwamba, kama ingekuwa bure, pengo kama letu lisingekuwa ajabu kubwa. Hayo ni mambo mawili, na ninayajua kama ninavyojua jina langu. Mtu kazini akiniletea karatasi ya dawa yenye sentensi ile niliyokuandikia, namrudishia imejaa wino mwekundu.

Tena mayai mia na ishirini kila upande ni machache kwa jambo hili. Kama kweli zamu ya nne inaokoa vifaranga kwa kiasi kile, ingetubidi tuwe na zaidi ya mia tatu kila upande ili tusipitwe nalo kirahisi. Nililijua hilo tangu Februari. Sikulisema.

Jibu la haki lilikuwa neno moja: hatujui. Nilishindwa kukuandikia, kwa sababu nilijua ukisikia "hatujui" utabaki bandani na goti lako. Nilipoiona ile kumi na mbili kwenye kompyuta nilifurahi, Mama mdogo. Nilikuona unatembea. Sikuwaza kwamba ili wewe utembee nilikuwa nimemfanya Baba mdogo mtu aliyepoteza alasiri zake zote. Yeye aliyenilea. Nimeona haya mpaka nimeshindwa kula.

Nisamehe. Una haki ya kughairi hospitali, maana nilikutoa bandani kwa uongo. Lakini nakuomba uende kwa sababu goti linakuuma. Tusilitume yai kusema ambacho tunaweza kukisema wenyewe.

Kimbelembele

*

26 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kula kwanza, halafu ndiyo usome.

Umekula? Basi. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na ningekuwa karibu ningekufinya sikio kama ulipokuwa darasa la tatu. Siku mbili nilikuwa na hasira. Siku ya tatu nikawaza, mimi nami ni nani wa kumnyooshea mtu kidole, na yangu nimeyakalia.

Ile karatasi ya vema ni ya uongo. Siku nane za kwanza nilifanya zamu zote kama ulivyosema. Siku ya tisa, zamu tatu nilizifanya nikiuma meno, saa kumi ilipofika goti likakataa. Nilisimama mbele ya mashine, nikashika mlango wake, mguu haukuja. Nikarudi kukaa. Kesho yake hivyo hivyo. Mpaka siku ya kumi na nane sikuigusa zamu ya nne hata mara moja. Jioni nilichukua kalamu nikajaza visanduku.

Kwa hiyo siku kumi nzima trei zako za zamu nne zilikuwa za zamu tatu kama wenzao. Umepiga hesabu zako mara elfu kumi juu ya mguu wangu mbovu. Ningesema kweli ungejua goti limefikia wapi, ungekuja kunibeba mzegamzega. Mficha maradhi kilio humfichua, walisema waliotutangulia, na mimi kilio changu kimekuwa vifungo vya fundi. Na nilivyo sina aibu, nikalia kwenye kigoda nikasema mume wangu ameshinda.

Nakwenda tarehe kumi. Juzi nilishindwa kuinuka kitandani mwangu mwenyewe, nikamwita jirani mfugaji, na yeye akamwita fundi. Nimeinuliwa na watu wawili kama kabati. Hilo halihitaji sarafu.

Tumesameheana?

Mama yako mdogo

*

3 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Tumesameheana. Barua yako niliisomea kazini, nikacheka mpaka mkuu wa idara akaharakisha sentensi, halafu nikaenda chooni nikalia. Siku kumi, kila ifikapo saa kumi, mguu unakukataa, na mimi huku nasikiliza tarumbeta ya jirani.

Nimeomba likizo, inaanza tarehe ishirini na tano. Nitakuja kukushikia banda mpaka utakaporuhusiwa kusimama. Jirani apumzike.

Nina swali moja, na kimbelembele changu unakijua. Kwa nini Baba mdogo aliianzisha? Alikuwa mtu wa vipimo. Kipima joto alikisoma mara mbili, na hakununua hata balbu bila kuuliza inakula umeme kiasi gani. Lazima kuna kitu alikiona kwenye mayai. Kama unakijua niambie, tupange trei ishirini na mbili na tukipime sawasawa, mimi nikiwa hapo hapo na kalamu nikiwa nimeishika mwenyewe.

Ukiingia chumba cha upasuaji, jua nipo nawe.

Kimbelembele wako

*

19 Juni, wodini

Mwanangu,

Sijambo. Goti wameliweka, lina baridi, na daktari anasema ni la kiume kwa ukaidi. Jana nilitembea mpaka dirishani nikarudi. Mama wa kitanda cha pili anakoroma saa zote, ila ana roho nzuri, ananipa nusu ya chungwa lake kila asubuhi.

Nataka usome hii kabla hujafika, maana uso kwa uso sitaweza.

Hakuna alichokiona kwenye mayai. Zamu ya nne haikuanzishwa kwa ajili ya mayai.

Mama yako, dada yangu, alikuwa akitoka kiwandani saa tisa na nusu, na saa kumi kamili anafika nyumbani, nawe unamsubiri mlangoni. Alipofariki tukakuleta kwetu, ulikuwa na miaka minne. Kila siku, saa kumi ikifika, ulikwenda kusimama getini. Hukulia. Ungelia ingekuwa afadhali. Ulisimama tu na ndala zako mkononi, ukiangalia njia, mpaka giza lilipoingia nikakubeba. Wiki tatu ulifanya hivyo. Mimi nilijaribu hadithi, nikajaribu peremende, nikajaribu kukukemea, Mungu anisamehe.

Siku moja baba yako mdogo akatoka bandani saa kumi, akaja mpaka getini akachuchumaa. Akakwambia, "Njoo unisaidie, mayai yamechoka kulalia upande mmoja." Yalikuwa yamegeuzwa saa nane mchana. Ukamfuata. Akakupandisha kwenye kigoda, akakuonyesha alama ya penseli, msalaba huku na duara kule, nawe ukayageuza moja moja kwa vidole viwili kama unashika moto. Kesho yake saa kumi akakufuata tena.

Aliniapisha nisikwambie. Alisema mtoto akijua anahurumiwa atarudi getini. Wateja walipomuuliza akawaambia ni siri ya kupata vifaranga wengi, na kadiri miaka ilivyokwenda nadhani aliamini mwenyewe. Ulipoondoka kwenda chuo aliendelea. Nilimwambia, mzee, mtoto ameshaenda, pumzika. Akasema huenda ukapiga simu saa kumi ukauliza kama yamegeuzwa, naye atakujibu nini. Alipotangulia nikaishika mimi, kwa sababu saa hiyo ikifika nyumba hii haijui kufanya kitu kingine.

Ndiyo maana iliniuma uliposema haina kazi, na ndiyo maana sikuweza kukujibu.

Baada ya kama wiki mbili za kugeuza mayai uliacha kwenda getini. Mimi nikasema ni ile zamu. Yeye, unavyomjua, akasema hatuwezi kusema hivyo, labda ni siku tu zimepita, watoto husahau. Hatujui mpaka leo, mwanangu. Hatukuwa na mtoto wa pili wa kumwacha pale getini tulinganishe, na hata tungekuwa naye tusingemwacha.

Mama yako mdogo